Maiti Aliyeitikia Amin

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeiangalia tena ile filamu ya kipofu. Mara ya nne. Nchi nzima inaisifu. Kipofu gani anaruka dimbwi? Fimbo kaiweka begani, kafika kwenye maji, huyo, karuka. Kisha anamwuliza mkewe kama kumekucha. Msyuu! Na mke katoka usingizini na kope za bandia, wanja haujachafuka hata kidogo. Kofi analopigwa linalia kabla mkono haujafika.

Nimeyaandika yote kwa ajili ya darasa. Kesho ni uigizaji mbovu, somo ninalolipenda kuliko yote. Nakiri. Kuna raha kumchambua mtu asiyejua kazi.

Baba Asha kameza dawa zake za moyo, kalala. Yeye filamu hiyo ilimliza.

Jumanne, 12 Agosti
Vijana kumi na mmoja, ukumbi wa kukodi hapa Dunda, joto la kufa mtu. Nimewaonyesha kipofu. Nimewaonyesha tajiri anayekunywa glasi tupu, na jambazi aliyeshika bunduki kama anamwagilia mchicha. Mwisho nikawaonyesha maiti. Kila mwaka namalizia na maiti.

Maiti ni mume wangu. Ni ile filamu ya msiba iliyopigwa hapa hapa mjini, inayorudiwa kwenye televisheni kila sikukuu. Walitaka mzee wa kulala kitandani afunikwe shuka, wakamwokota yeye kwenye banda lake la kutengeneza pikipiki. Kwa shehe wakamchukua Maalim Shomari, shehe wa kweli. Maalim naye akaomba dua ya kweli. Waombolezaji wakaitikia amin. Na maiti akaitikia. Midomo ikacheza, sauti ikatoka, nzito kuliko ya wote. Mwongozaji hakusikia, au alisikia akawa amechoka. Ikabaki.

Miaka minane sasa. Bodaboda wakishatengenezewa pikipiki hawasemi ahsante, wanasema amin. Yeye anacheka nao, meno yote nje. Mimi nasaga yangu. Mwalimu wa uigizaji, mke wa maiti anayeongea!

Hajui kama namtumia darasani. Na asijue.

Alhamisi, 14 Agosti
Zulfa, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, kaja mbio, furaha tele. Kuna kipindi cha televisheni huko Dar kinatafuta uigizaji mbovu kuliko wote katika filamu maarufu. Kawatumia maiti. Kashika nafasi ya kwanza. Kawaandikia pia kwamba mwalimu wao ndiye mke wa maiti, na ndiye anayemtumia darasani.

Nimemfokea mpaka sauti ikakauka. Kanisikiliza, kisha kaniuliza kwa adabu zake zote, "Mwalimu, si wewe unayesema hakuna mbovu kama hii?"

Nilitaka kumzaba.

Jumamosi, 16 Agosti
Baba Asha kapigiwa simu na watu wa kipindi kwamba ni mshindi. Mshindi! Kasikia tuzo, hakusikia tuzo ya nini. Kawaambia Dunda nzima. Nilikuwa na siku mbili za kumwambia ukweli, nikazimaliza kwa kufagia.

Sebule ikajaa. Kavaa kanzu ya Idi. Mtangazaji akaonyesha ile amin mara tatu, ya tatu taratibu, huku akifuta machozi ya kucheka. Kisha akasema hata mkewe, mwalimu wa uigizaji, humtumia kuwafundisha watu namna ya kutoigiza.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Haya jamani. Tutaonana kesho. Yeye kazima televisheni, kavua kanzu, kaikunja vizuri kuliko siku zote.

Mtangazaji yule mshenzi. Zulfa mshenzi. Na mimi? Mimi ndio mshenzi wao.

Jumatatu, 18 Agosti
Bora angenitukana. Kila nikimpa kitu ananiambia, "Ahsante, mwalimu." Chai, ahsante mwalimu. Taulo, ahsante mwalimu. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kuwa mwalimu humu ndani. Mimi ni Mama Asha.

Wale washenzi wamepiga simu. Wanataka waje Jumapili wampige picha akirudia, watu wacheke upya. Nimefungua mdomo niwape vidonge vyao, kaninyang'anya simu, kawaambia karibuni.

Jumanne, 19 Agosti
Kafunga banda baada ya alasiri. Katandika mkeka katikati ya sebule, kalala chali, kasema, "Nifundishe."

Nikamfundisha. Avute pumzi tumboni chini kabisa. Ulimi ukae nyuma ya meno. Afikirie kitu kimoja, cha mbali. Dua nikaisoma mimi. Mara mbili kaitikia. Nikapandisha sauti. Nikamwuliza ni kipi kigumu katika kufunga mdomo. Kasema Maalim siku ile alikuwa anamwombea yeye, kwa jina lake, si la kwenye filamu. "Mtu anakuombea, unanyamaza tu?"

Mimi miaka minane sijawahi kumwuliza.

Ijumaa, 22 Agosti
Mwandiko huu hausomeki.

Zoezi la nne. Nimesoma dua mpaka mwisho. Kimya. Kifua hakipandi. Miguu imekaa pamoja, vidole vimelegea. Nikasema inatosha. Kimya. Baba Asha. Kimya. Baba Asha! Nikamtikisa, kichwa kikaenda upande. Nikampiga kofi la kweli, lililolia mkono ulipofika.

Kafumbua macho, kaniuliza kama ameweza.

Nimemtolea tusi ambalo sikujua kama ninalo. Nikaenda jikoni nikamenya vitunguu vyote vya wiki.

Kaweza. Mungu wangu, kaweza. Katika filamu zote nilizochambua sijaona mtu aliyekufa vile. Sitaki kuona tena.

Jumapili, 24 Agosti
Kamera mbili. Maalim Shomari yule yule, ndevu sasa nyeupe. Shuka langu jipya. Watu wamejaa mpaka madirishani, na mtangazaji kashaanza kutabasamu kabla ya kazi.

Maalim akaomba. Waombolezaji wakaitikia. Baba Asha kimya. Akaomba tena. Wakaitikia. Kimya. Uso ule ule wa Ijumaa. Tabasamu la mtangazaji likaanza kumwisha mdomoni, na mimi nyuma ya kamera nilitakiwa nijivune.

Maalim akafika kwenye amjaalie mwisho mwema. Akamtaja kwa jina lake. Nikaitazama ile midomo, haikucheza.

Nikaitikia mimi. Kabla ya wote. Amin, peke yangu, kwa sauti ya ukumbini.

Wote wakageuka. Mtangazaji kakasirika, kasema nimeharibu, turudie. Shuka likaanza kutikisika. Maiti anacheka. Kaamka, kajifuta jasho, kasema yeye amemaliza kazi yake, aliyeharibu ni mwalimu.

Wameondoka. Shuka nimelifua. Kipande cha maiti nimekifuta kwenye simu, mwakani nitamalizia na kipofu.

Jioni kaita kutoka barazani. "Mama Asha, chai." Nikaweka iliki, nikampelekea. Kapokea kwa mikono miwili.

Hakusema ahsante. Kasema amin.