Bega Ambalo Sikulisukuma

Jumatatu, 3 Machi

Wagonjwa ishirini na watatu, mashine moja ya ultrasaundi, na mimi. Wa mwisho kabla ya chakula: fundi wa dari. Akinyanyua mkono wa kulia, bega linataka kuchomoka. Bosi wake anadai anajifanya mgonjwa, kamtuma apimwe.

Bega la hivyo halipimwi limetulia. Unalisukuma mbele huku macho yako kwenye skrini, uone mfupa unateleza kiasi gani. Halafu unasukuma na lile zima, ulinganishe.

Sikusukuma. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikapiga picha moja, mkono umelala mapajani, nikajaza fomu: kulia milimita mbili, kushoto milimita mbili. Bega imara. Namba za kichwani tu! Fundi akanishukuru sana.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi wa dari kaletwa kwa machela. Bega limechomoka akiwa juu ya ngazi, kaanguka, kavunjika kiwiko. Mkewe kakaa koridoni kapakata viatu vya mumewe. Anasema bosi aliisoma fomu yangu mbele ya wenzake wote — imara, haya panda. Wakacheka.

Fundi kaniona. Samahani dada, tunakusumbua tena, kasema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari wa mifupa kaniita pembeni. Nyama zinazoshikilia bega zilichanika zamani, kasema, si leo. Ulilisukuma? Nikajibu ndiyo. Nililisukuma, mashine haikuonyesha kitu. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Sijatoka ndani. Mama kauliza naumwa nini. Nimesema kichwa. Kanikanda paji la uso kwa kitambaa cha maji, na mimi mtu mzima nimetulia nakandwa. Sistahili hata hicho kitambaa.

Jumatatu, 17 Machi

Karatasi mlangoni kwangu, mwandiko wa daktari: mashine isitumike mpaka ikaguliwe. Wagonjwa kumi na tisa wamerudishwa. Mama mmoja mjamzito, miguu imemvimba, kanipa pole kwa kuharibikiwa na mashine. Pole — mimi!

Mke wa fundi naye kaja. Bosi kamwachisha mumewe kazi: bega lilikuwa zima, kwa hiyo kaanguka kwa uzembe wake. Anataka karatasi yoyote ya kuonyesha mumewe hakudanganya. Nimemwambia asubiri mkaguzi. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumanne, 18 Machi

Mkaguzi wa mashine kaanza saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu kasema mashine ni nzima, haina hata mkwaruzo. Daktari kasimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Kila picha inabaki humu na saa yake, kasema mkaguzi, hata kama bega lilisukumwa tutaona. Mgonjwa yule alipimwa tarehe ngapi? Tarehe naijua kama jina langu. Nimesema ngoja nikaangalie kwenye rejista.

Rejista iko mezani kwangu. Mimi niko chooni, nimefunga komeo, naandika juu ya magoti. Ningesema Ijumaa ile, yangekuwa yamekwisha.

Mke wa fundi yuko koridoni, anaongea na simu. Namsikia vizuri. Anamwambia mumewe asikate tamaa, kuna dada mmoja tu hapa anayewatetea, alimsikia kwa masikio yake akimwambia daktari kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Anasema dada huyo akitoka chooni atamshika mkono wamwendee bosi pamoja.