Ukili Wangu Kwenye Mkeka wa Zuhura

Baleni, Jumamosi. Rasharasha tangu alfajiri, nguo hazikauki, na mimi nacheka peke yangu.

Jirani yangu, Bi Mwajuma, anamwoza binti yake Zuhura. Huku mkeka wa bi harusi hausukwi na mtu mmoja. Kila mwanamke wa mtaani husuka ukili wake, ule mkanda mrefu mwembamba, kisha kili zote hushonwa pamoja. Safari hii nami nimeletewa fungu langu la ukindu, majani ya mkindu. Mimi, mwalimu wa kuja, kutoka Njombe! Nilifurahi mpaka nikaogopa. Mkeka ukikosa mkono wangu, nitabaki mgeni tu hapa.

Nikataka kuwaonyesha kazi safi. Nikachukua rula na wembe, nikakata chane za kusukia, zote upana mmoja. Zilipendeza mezani, msiniulize.

Jana nikaanza kusuka, zikakatika. Nikazilowesha, zikakatika tena. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowaambia wanafunzi kila siku, lakini mwenyewe niliona haya. Hadi magharibi nilikuwa na kipande cha shubiri moja, kinatoa nyuzi kila upande.

Leo asubuhi nikajikaza, nikaenda kwa Bi Mwajuma. Shikamoo, marahaba, na aibu yangu mkononi. Akaisogeza chane moja mlangoni penye mwanga, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Mwalimu, umelikata jani mishipa! Ukindu haukatwi, huchanwa. Tia ukucha, wenyewe utakuonyesha njia.”

Akatia ukucha wa kidole gumba, akavuta. Jani likapasuka moja kwa moja hadi nchani, bila rula.

Wiki iliyopita tu niliandika ubaoni: mnazi, mkindu, mahindi – mishipa sambamba; muhogo, mpapai – mishipa ya mtandao. Nikachora na mishale. Miaka sita nafundisha hivyo, na sijawahi kulichana jani hata moja. Jani la mkindu huchongoka, na mishipa yake huelekea huko kwenye ncha. Rula yangu ilikuwa inaikatiza njiani.

Niliporudi nikachuma jani la muhogo nyuma ya jiko, nikalitia ukucha. Likachanika ovyo, kila mshipa ukivutia kwake. La mgomba likachanika kutoka uti wa katikati hadi ukingoni, vile vile linavyochanwa na upepo. Nikamaliza nusu saa nachana majani kama mtoto, mvua inaninyeshea. Jumatatu darasa la tano watakuja na majani yao, chaki ipumzike.

Kisha nikachana chane upya kwa ukucha, nikasuka mpaka alasiri. Hazikukatika. Ukili umepinda mahali pawili, nakiri. Nilipompelekea, Bi Mwajuma akaupima kwa mkono, akaguna, akaushona pembeni kabisa, upande utakaoelekea ukutani, wageni wasiuone.

Sawa tu. Umo.