Kandida Amejifungua Tena

Ndugu yangu Valentino, wameninyang'anya funguo za ghala! Mimi! Mbele ya watu!

Ni hivi. Katibu wetu wa ushirika aliweka maneno ya siri. Ofisi ya Ifakara ikisema kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana, "Kandida amejifungua", mimi huku Kisawasawa nafungua ghala, lori linapakia mpunga. Leo asubuhi redio ikasema Kandida amejifungua. Lori likaja, nikafungua. Kumbe ni la wezi!

Mchana katibu kafika. "Mzee Salvatory, nani alikuambia ufungue?"

"Redio."

"Sauti ya nani?"

Sauti ya nani! Redio inakoroma kama nguruwe, nitamjua nani? Na ni yeye aliyenikataza kuuliza: "Ukisikia maneno, fungua, usibishane na wakubwa."

Siri gani, Valentino? Redio inasikika mpaka sokoni. Akina mama wanacheka, "Huyu Kandida anazaa kila wiki, mumewe hachoki?" Mwizi hakuhitaji kujua maana. Alirudia tu kwenye redio yake.

Tangu mke wangu Levina afariki sina kingine ila kibarua hiki. Leo naitwa mwizi na wasomi waliofunga mlango kwa maneno.

Basi la kukuletea barua hii halijaondoka, naongeza. Wamenirudishia funguo, maana hakuna mwingine anayetaka kulinda. Maneno wamebadilisha. Ofisi imenisomea mapya polepole, ikarudia, nisije nikakosea.

Kwenye redio ile ile.