Polisi Juu ya Farasi Mweupe

Jumatatu, 4 Agosti

Zamu ya asubuhi, nyumba ya kutunzia wazee. Sita wa kuogesha, wawili wamenigomea. Kwenye treni ya kurudi nyumbani Auburn, huku ughaibuni, nimeandika upya tukio la mtoni, mara ya nne. Mjane anavusha ng'ombe wake, mto hauna maji. Bado halijakaa sawa. Farasi wananisumbua. Sijawahi kupanda farasi maishani mwangu, na ninaandika filamu ya kauboi.

Dar nako sikuwahi kushika bastola. Hilo halikunizuia kuandika vitabu kumi na vinne vya mpelelezi. Riwaya pendwa, wasomi walisema, midomo wameibetua. Karatasi duni, jalada lenye damu, vinapangwa chini pale Kariakoo. Vilisomwa mpaka vikachanika.

Jumamosi waigizaji watasoma skripti yote kwa sauti mbele ya Craig, prodyuza. Filamu yangu ya kwanza.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeunguza wali. Rehema amekula, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba una ladha ya moshi wa kambi ya makauboi. Binti huyu! Miaka kumi na tisa, Kiswahili anakisikia chote, hajibu hata neno. Ndiye anayenisahihishia Kiingereza cha skripti. Ila kurasa za mwisho sijampa. Nimemdanganya kwamba hazina makosa.

Sababu naijua. Leo siiandiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina hasira.

Ukumbi wa kukodi, baridi ya kukata mifupa. Waigizaji wanane, meza ndefu. Mjane anasomwa na Tess. Sauti nzito, anatafuna kila neno kabla ya kulitoa. Nusu ya kwanza nilitaka kulia kwa furaha.

Kisha wakafika mwisho. Haukuwa wangu. Shemeji za mjane wamekuja kumnyang'anya ng'ombe, na ghafla anatokea polisi juu ya farasi mweupe. Risasi tatu. Mjane anamwangukia kifuani.

Craig amebadilisha bila kuniuliza. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Huyo polisi katoka wapi?"

"Watu wanataka mjane aokolewe," alisema, kwa upole kabisa. "Na wewe mwenyewe umeniambia, vitabu vyako vyote mpelelezi anafika mwishoni."

Kweli. Kisha ikanitoka, "Hakuna aliyekuja." Wote wakanitazama. Nikakusanya karatasi zangu, nikatoka.

Craig amenifuata mpaka barabarani. Amenipa hadi Ijumaa. Ama mwisho wake, ama atafute skripti ya mtu mwingine.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefua mapazia. Hata yale yasiyokuwa machafu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemweleza Furaha. Ni Mkongomani wa Uvira, tunashika zamu pamoja. Amenicheka. "Mama Rehema, weye unaandika mabandi na bunduki, na unaogopa patron moja? Si ni yeye anatafuta kitabu yako?"

Mabandi kwao ni majambazi, patron ni bosi. Rahisi kusema.

Haya, niandike. Arobaini ya Baba Rehema ilipokwisha, ndugu zake walikuja na pikapu. Wakabeba kochi, kitanda, televisheni, cherehani yangu. Nilisimama mlangoni nimemshika Rehema mkono. Majirani walichungulia madirishani. Kitabu changu cha kumi na tatu kilikuwa kinauzwa mtaa wa pili, mpelelezi anavunja mlango ukurasa wa mwisho. Kwangu hakuvunja mtu mlango.

Ndiyo maana mjane wangu anabaki peke yake kwenye nyika tupu. Ndio ukweli. Sibadilishi.

Nimekasirika upya, miaka kumi baadaye, nikiwa nimeshika ndoo ya kudekia.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nimempa Rehema kurasa za mwisho. Alisoma mezani, koti bado mwilini. Nikajifanya napanga vijiko. Alipomaliza akauliza, kwa Kiingereza chake: na Mama Siwema je?

Mama Siwema gani?

Jirani, akasema. Yule aliyekalia friji.

Nilikaa chini.

Siyo kwamba nilimsahau. Nilimfuta, kama mhariri anavyokata aya. Mama Siwema, mpangaji mwenzetu, muuza vitumbua, mwili mkubwa, maneno machache. Hatukuwa tunapatana, tuligombania kamba ya nguo kila wiki. Siku ile friji ilikuwa imeshalazwa kwenye korido, tayari kubebwa. Akatoka chumbani kwake, akaikalia. Akawaambia wakitaka wambebe na yeye. Shemeji mkubwa alitukana mpaka povu likamtoka. Mama Siwema alijipepea na upande wa khanga. Alikaa hapo toka saa nne mpaka adhuhuri. Wakachoka, wakaondoka na pikapu yao.

Friji ikabaki. Ndiyo niliyouzia barafu na juisi mwaka mzima. Ndiyo iliyotulisha.

Rehema alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka mpaka rangi ya ile khanga. Kijani.

Nimeona aibu. Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kwamba sikuwa na mtu, na nimesimulia vizuri mpaka nikaamini.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Kurasa tatu mpya, Rehema amezisahihisha pembeni yangu huku ananiharakisha. Polisi hayumo. Mwanamke wa ranchi ya jirani, adui wa mjane toka ukurasa wa kumi, anakuja kwa miguu kwenye vumbi na kukalia lango la zizi. Hasemi kitu. Haondoki.

Nimemtumia Craig, kisha nikampigia. Nimemwambia ni hizi, au narudisha skripti yangu nyumbani.

Akasema atasoma.

Saa tano, kimya. Saa saba, kimya. Nimepanga kabati la viatu. Nimetoka, nimezunguka mtaa, nimeingia dukani, nimesahau nilichofuata.

Saa kumi ujumbe umeingia. Yeye binafsi hana uhakika. Lakini Tess amesoma na anasema bila yule jirani hachezi. Basi jirani abaki.

Nimepiga kelele. Rehema alifikiri nimeungua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tunapiga filamu. Shamba la kukodi, mbali, magharibi ya mji. Upepo na nzi. Farasi ni wakubwa kuliko nilivyowaandika. Mmoja alikataa kabisa kutembea, wakapoteza nusu ya asubuhi kumbembeleza.

Jirani anachezwa na bibi wa miaka sabini na kitu. Alipanda lango mwenyewe, akamfukuza aliyetaka kumshika mkono. Wamerudia mara sita. Shemeji wanatukana, yeye anatazama mbele. Mara ya sita hakuna aliyekohoa uwanja mzima.

Craig alikuja kusimama karibu nami.

"Ulituambia hakuna aliyekuja."

"Nilikosea," nikasema.

Akaninunulia kahawa mbaya sana. Nimeinywa yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempata Mama Siwema kwenye simu. Yuko Morogoro kwa mwanawe, magoti yamekufa. Nimemweleza habari ya friji, halafu ya filamu. Nimemshukuru, kwa kuchelewa hivi.

Hakumbuki vizuri. Akasema, "Mwanangu, huenda nilikuwa nimechoka tu, nikaona pa kukaa." Tumecheka mpaka akakohoa. Akauliza kama huku dagaa wanapatikana. Nimemwambia wanapatikana, lakini hawana ladha.

Rehema alinyoosha mkono, anataka naye kuongea, na Mama Siwema Kiingereza hakijui. Nimempa simu, nikaenda kuanua nguo.