Okidi ya Bi Sabaha na salfa ya mikorosho

Mpendwa Mama Mshauri,

Nisaidie, maana nimefika mahali hata chakula hakipiti. Mimi ni karani kijana katika ofisi moja hapa Ruangwa, kwetu ni Marambo, Nachingwea, na mkuu wangu wa kazi, Bi Sabaha, ambaye ndiye aliyenipigania nikaajiriwa wakati wengine walisema mimi bado mtoto, alipokwenda Dar es Salaam kutibiwa aliniachia ua lake la okidi linalokaa dirishani, akasema, "Mwanangu, limwagilie kidogo tu, mengine liache." Mimi sikuliacha. Niliona mizizi imetoka nje ya chungu inaning'inia, nikadhani limekosa nafasi, nikalitoa, nikakuta ndani hakuna udongo ila vipande vya magome na mkaa, nikahisi aliyemuuzia alimdanganya, nikavitupa vyote, nikaleta udongo wa shambani kwa baba uliochanganywa na samadi, nikalishindilia vizuri kama tunavyopanda miche ya mikorosho, na kwa kuwa ile mizizi ilikuwa na weupeweupe kama majivu nikajua ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, basi nikachukua salfa anayopulizia baba mikorosho yake nikalipaka mizizi na majani.

Sasa majani yamelegea na kukunjamana, mengine yameungua kingo, maua yamepukutika yote, na chungu kinanuka. Modest, dereva wetu, kila akipita dirishani husema, "Dada, hili limeshuka daraja, bado kukabidhi jezi tu," wenzangu wanacheka, nami nacheka nao, halafu naenda chooni kulia.

Hilo si baya kuliko yote. Bi Sabaha alipopiga simu kuuliza ua lake nilisema halijambo, akaomba picha, nikamtumia ya zamani niliyopiga likiwa limechanua, akanijibu kwamba amewaonyesha wagonjwa wenzake wodini na kuwaambia, "Mnaona, nina binti anayenitunzia." Juzi amesema daktari ameridhika na karibu atamruhusu, na mimi, Mama, badala ya kushukuru, nilijikuta naomba wamcheleweshe kidogo. Nilimwombea mgonjwa asirudi nyumbani kwa sababu ya ua. Sijui nimekuwa mtu wa namna gani. Je, linaweza kupona kabla hajafika? Na kama haliwezi, nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Ruangwa

Binti yangu,

Haliwezi kupona kabla hajafika. Nakwambia mapema usije ukasoma majibu haya ukitafuta njia ya kupita pembeni. Okidi iliyoumia huchukua miezi kutoa jani moja, na hiyo huenda ikafa.

Uliambiwa "mengine liache". Umesoma, maagizo ya ofisi unayafuata, hili la mgonjwa ndilo likakushinda? Okidi za namna hiyo kwao ni juu ya miti, zimeshika gome, mizizi inapigwa na hewa. Weupe ule ni ngozi ya mzizi ukiwa mkavu. Ungeunyunyizia maji ungeuona unageuka kijani. Wewe ukauzika, ukauchoma na dawa ya shambani.

Sasa inuka. Litoe kwenye udongo huo leo, suuza mizizi na majani kwa maji safi mpaka salfa iishe, kisha kausha kwa kitambaa pale katikati majani yanapokutana, maana maji yakilala hapo yataliozesha. Pitisha mkasi kwenye moto, ukate kila mzizi uliolainika. Ulio mgumu usiuguse, hata ukiwa mweupe. Tafuta magome makavu na vipande vya mkaa, uvioshe, ulipande humo kwenye chungu chenye matundu chini, bila kushindilia. Liweke penye mwanga, jua lisilipige. Lipumzike siku moja au mbili bila maji, kisha umwagilie pale tu mizizi inaporudia weupe. Samadi na mbolea, marufuku. Na usilifukue tena kuchungulia.

Kuhusu ile dua yako, usijipige nayo sana. Mtu aliyebanwa na uongo huombea chochote kitakachochelewesha kugundulika. Ila usipoutoa, utakuja kuombea makubwa zaidi.

Kule wodini Bi Sabaha alikuwa anajivunia wewe. Kwa hiyo itamuuma, na dawa ya kuzuia hilo sina. Usingoje aingie ofisini akute mwenyewe, na usimtume Modest. Usianze na machozi pia, maana mgonjwa atalazimika kukubembeleza wewe.

Ukimaliza kukata, angalia mizizi iliyobaki hai, kisha mpigie. Mwambie ulichofanya, mwambie picha ilikuwa ya zamani, mwambie imebaki mizizi mingapi, na umuulize yeye angefanyaje. Na kama haukubaki hata mmoja, mpigie vilevile.