Karisa, Nimezifungua Foki Zako

Karisa, swahiba wangu,

Barua watu huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu sitaki kuisema yote. Kwa hivyo nianze na hilo lililonifanya nishike kalamu. Zile foki nene ulizotaka nizifunge kwenye pikipiki yetu, nilizifunga. Kisha nikazifungua. Sasa zimekaa nyingine. Nilitaka ulisikie kwangu mimi mwenyewe, ingawa najua mkeo Kadzo amekwisha kukwambia, maana kila asubuhi akifagia pale kaburini hukusemesha, na mimi ndiye anayenishitaki.

Tangu tukuzike, mikorosho ya kwenu Gede imeshatoa maua na kuyapukutisha. Kule Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, trekta lako amepewa mtu mwingine. Nasikia hulitia gia kwa nguvu mpaka linalia. Hapa gereji kwangu Malindi, lile benchi ulilokuwa ukikalia Jumamosi ukishuka kutoka kazini bado lipo. Juzi mteja mmoja alilikalia, mtu mzima wa heshima zake, nikamwambia ainuke. Akainuka, akaniangalia.  Nikajidai kwamba nataka kupitisha tairi hapo.

Nakumbuka siku tuliyoipata pikipiki ile. Mariakani, nyuma ya ghala la maziwa lililofungwa, kuku wamelala juu ya tangi. Pikipiki ya mashindano, ya zamani karibu sawa na umri wetu, ya kurukia vilima na kupasulia mchanga, si ya kubebea abiria. Injini ilikuwepo, fremu ilikuwepo, gurudumu la mbele limeegemezwa ukutani. Foki ndizo hazikuwepo. Ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kumeza mashimo, mtu alikuwa ameing'oa akaenda nayo. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema tumejipatia mbuzi asiye na miguu ya mbele, na tumefurahi.

Ubishi wetu ulianza njiani siku ile ile. Mimi nilitaka foki za rika lake, nyembamba, fupi, kama alizozaliwa nazo. Wewe ulitaka zile nene za pikipiki za siku hizi. Nikakwambia fremu ya zamani haikuumbwa kubeba kitu kile. Ukanijibu kwa upole, kama ulivyojibu kila kitu: "Wewe Bakari unapenda sura. Mimi napenda kurudi nyumbani na mabega yangu."

Na mimi nikaacha kubisha, kwa sababu bega lako lilikuwa mbele yangu, lile la kushoto lililokaa chini kuliko mwenzake. Nilikuwepo siku lilipovunjika. Tulikuwa vijana, unashuka kilima, foki zako nyembamba zikapinda kama muwa na wewe ukaenda mbele ya pikipiki yako. Tulikubeba juu ya mlango tulioung'oa kwenye nyumba ya mtu.

Kisha tumbo likaanza kukusumbua. Ukasema ni vidonda tu. Ukasema ni maji ya Marereni. Ulipolazwa Kilifi na daktari akautaja uvimbe, nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, nikasikia. Nilipoingia hukuniambia na mimi sikukuuliza. Ukaniuliza: "Foki zimefika?" Nikashukuru Mungu kwamba umeuliza hilo. Kuanzia siku ile, kila nilipokuja, tulibishana juu ya foki. Urefu, uzito, springi, oili. Watu wa vitanda vya jirani walidhani tuna duka. Kumbe hatukuwa na ujasiri wa kusema lile jingine.

Zile nene zilikuja kutoka Mombasa wakati huna tena nguvu ya kuziinua. Kadzo aliniambia ulimtaka afungue gunia, ukaweka mkono juu ya bomba, ukaacha pale mpaka usingizi ukakuchukua.

Tulikuzika Alhamisi. Mimi ni mmoja wa waliochimba. Baba yako alitaka kunizuia nisichoke, kisha akaniacha. Wenzako wakaimba nyimbo za kanisa lenu, mimi nikanyanyua mikono nikakuombea kwa maneno niliyo nayo. Naamini yamefika.

Matanga yalipokwisha, Kadzo alilivuta gunia kutoka chini ya kitanda, akaniwekea miguuni. Akasema: "Alisema uzifunge, shemeji. Sidi ataipanda."

Sikulijua hilo, Karisa. Kwamba ni Sidi. Namjua binti yako anavyoendesha, Malindi nzima inamjua, akibeba samaki kutoka Watamu asubuhi barafu haijaanza kuyeyuka. Lakini nilidhani pikipiki ile tunaitengenezea wewe. Hata ulipokuwa umebaki mifupa, mikononi mwangu nilikuwa naitengenezea wewe. Nikamtazama Sidi. Alikuwa akikunja mikeka ya wageni, hakuinua macho, akasema tu: "Baba aliniambia, Ami. Kama unaona siwezi, sema."

Sikuona kwamba hawezi. Nikalibeba gunia.

Nilizifunga kama ulivyotaka. Sikuzifunga kwa kinyongo, nataka uliamini hilo. Nilikereza bushi mpya za kuzishika, nikaweka sili mpya za kuzuia oili, nikafunga kila boliti kana kwamba nilikuwa upande wako wa ubishi tangu mwanzo. Nikaipeleka Gede, kwenye kile kijia cha mchanga nyuma ya mashamba, Sidi akapanda.

Mbele ilikuwa imeinuka mno. Kwenye kona ilikwenda inakotaka yenyewe. Na foki hazikuzama, Karisa. Zilitengenezwa kwa pikipiki nzito na mtu mzito, na mwanao ni mwepesi kama alivyo mama yake. Kila shimo lililotakiwa kumezwa na foki lilipanda mpaka kwenye mikono yake. Hakulalamika. Alizunguka, akazunguka tena, na aliposimama nikaona viganja vimevimba na anashindwa kufungua mkanda wa kofia. Nikamfungulia. Akasema zitalainika.

Nikapiga magoti nikaangalia shingo ya fremu, pale foki zinapoingia. Rangi ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama uzi. Nikaikwangua kwa kisu nikiomba iwe rangi tu. Haikuwa rangi tu. Chuma kilikuwa kimeanza kuachana.

Nilikaa pale mchangani. Ungekuwepo tungegombana, ungesema nichomelee bati la kushikiza, ningesema haifai, ungekasirika ukaenda kunywa chai, ungerudi umetulia. Hukuwepo. Ilibidi niamue peke yangu, na wewe umeshasema neno lako na huwezi kulibadilisha.

Nikazifungua.

Kadzo alitoka nje akanikuta zimelala juu ya gunia. Nikamweleza ufa, nikamwonyesha. Hakuutazama. Akasema: "Kitu kimoja tu alikuomba." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza. Baada ya hapo nilifika kwenu mara kadhaa, nikijibiwa salamu na kupewa kiti, na chai hakuna. Unaijua nyumba yako. Unajua maana ya kukosa chai pale.

Foki za rika lake nilizipata Mambrui, kwa mama mmoja aliyefiwa na kaka yake zamani, pikipiki ya marehemu imeliwa na kutu yote isipokuwa sehemu ya mbele iliyofunikwa na turubai. Nilimweleza ni za nini. Akanipisha nizifungue mwenyewe, na nilipokuwa nazifungua alisimama karibu, akinieleza kaka yake alivyokuwa akiimba akiosha pikipiki. Sikuwa na haraka. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Shingo ya fremu nilimpelekea mchomeleaji anayechomelea maboti ya chuma, akaikata palipopasuka akaiunga upya. Mabomba ya foki niliyazungusha juu ya kioo kuona kama yamepinda. Yalikuwa yamenyooka. Springi zilikuwa zimechoka, nikazitia vipande vya kuzikaza. Yote hayo nilikuwa nakusimulia huku nafanya. Fundi wa jirani alidhani naongea kwa simu.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo hasa nililotaka ulijue.

Foki huwezi kuzirekebisha bila mpandaji kukaa juu. Lazima akae na nguo zake zote za mashindano, pikipiki ishikwe isimame wima, mtu mwingine apime imezama kiasi gani. Watu watatu. Nilifika kwenu na tulikuwa wawili, Sidi na mimi. Sidi akamwita mama yake. Nikasema muache, nitamtafuta jirani. Lakini Kadzo akatoka, akafuta mikono kwa kanga, akashika pikipiki kwa nyuma bila kuniangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa.

Sidi akapanda. Foki zikashuka polepole, zikapumzika. Kadzo aliliona. Akasema, kama mtu anayejisemea: "Hizi zinamsikia."

Kisha akaniambia. Akasema zile nene hukuzitaka kwa ajili yako. Ulipoziagiza ulikuwa unajua hutapanda tena kitu. Ulimwambia unaona ile foki yako ikipinda kila ukifumba macho, ila anayeruka mbele ya pikipiki si wewe, ni Sidi. Ulikuwa unaogopa. Miezi yote ile hospitali, mimi nikikubishia kuhusu urefu na uzito, wewe ulikuwa unamtetea mwanao.

Ungeniambia, Karisa. Basi tu. Ungeniambia.

Kadzo akaniuliza, mikono bado imeshika kiti cha pikipiki: "Akianguka na hii, itamvunja?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwangalia, nikaona hatalitaka. Nikamwambia: "Yaweza kumvunja, shemeji. Kuanguka ni kuanguka. Lakini haitakuwa kwa sababu ya foki."

 Sidi juu ya pikipiki hakutikisika. Mwisho Kadzo akasema: "Basi funga vizuri." Nilipomaliza nikaletewa chai. Niliinywa nimegeukia ukuta.

Mashindano ya pikipiki za zamani yalifanyika kwenye shamba la mkonge nje ya Kilifi. Walikuja wazee wengi na mashine zao, wengine wamevaa buti za ujana wao. Sidi alikuwa mwanamke peke yake. Alikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko wa mawe, akaufuata mstari mbaya, gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa wa ardhi. Nikaziona foki zikizama mpaka mwisho. Kadzo alikuwa kando yangu.  Alinishika mkono akaukamua, na mimi nikasubiri kuona bomba likipinda kama lile lako. Halikupinda. Pikipiki ililala ubavu, Sidi akabingirika kwenye mchanga, akainuka, akapapasa mabega yake yote mawili, moja baada ya jingine. Akaisimamisha. Ikakataa kuwaka, akaipiga tena teke, ikawaka. Alimaliza nyuma ya karibu wote.

Kadzo akaniachia mkono. Alama za kucha zake zilibaki mpaka kesho yake.

Na mimi, unajua nilichofanya? Niligeuka kulia, upande uliokuwa ukisimama siku zote, nikafungua kinywa niseme "umeona?" Palikuwa na mzee mmoja nisiyemjua anakula njugu. Nimeshinda ubishi wetu, Karisa, na sina wa kumtambia. Ningeupoteza mara mia ili niwe na wa kumkasirisha.

Foki zako sikuziuza. Nilizipaka grisi nikazirudisha kwa Kadzo, naye amezilaza chini ya kitanda.  Siku hizi naenda Gede Jumapili baada ya wao kutoka kanisani. Tunakula. Wakati mwingine hatukutaji mpaka chakula kinakwisha, kisha mmoja wetu anakutaja na hakuna anayeinuka tena mpaka jua linazama.

Kuna siku naona afadhali. Kuna siku naokota spana ya ule ukubwa uliokuwa ukiuita kwa jina lako la kubuni, na kazi inaishia hapo, nafunga gereji.

Sidi anataka kushindana tena. Mama yake ameshajua. Sitakuahidi kwamba hataanguka, maana sikumdanganya Kadzo na sitakudanganya wewe. Ninaloahidi ni hili: kila atakapopanda, sehemu ya mbele ya pikipiki ile nitakuwa nimeipitia kwa mkono wangu mwenyewe, boliti moja moja, na shingo nitaikagua juani, bila kivuli cha kofia yangu na bila haraka. Na siku macho yangu yatakapokuwa hayaoni tena ufa mwembamba kama uzi, nitamwambia Sidi waziwazi amtafute fundi mwingine. Sitaona haya, na sitamficha hata kwa siku moja.

Pumzika, swahiba. Usiogope tena kwa ajili yake. Sasa ni zamu yangu kuogopa.

Nduguyo,
Bakari