Mwalimu Anadhani Mkono Wangu Uliinuliwa na Sarafu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, ukurasa wako nausoma kila Jumamosi kabla baba hajalichukua gazeti, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia, maana hata kuitikia jina langu darasani hunitoa jasho, lakini hili limenifika shingoni na sina wa kumwambia.

Mama yangu mdogo ni mtafiti wa kompyuta chuo kikuu. Bibi anaamini kwamba anatengeneza simu, na kila akija humtolea zile zilizokufa, lakini kazi yake hasa ni faragha ya taarifa za watu. Hospitali ikitaka kujua ni wangapi wana ugonjwa fulani, yeye hutafuta njia ya kuipata idadi hiyo bila mtu yeyote kuweza kujua ni nani anaumwa. Asubuhi huwaficha watu ndani ya takwimu, mchana mwenzake wa meza ya pili hujaribu kuwafichua, na akimpata hata mmoja wote wawili hurudi mwanzo huku wanacheka. Siku nilipoiona ofisi yake, ubao umejaa hesabu mpaka kwenye fremu na vikombe vya chai vimepangwa juu ya kompyuta mbovu, nilijua hapo ndipo ninapotaka kuzeekea. Ameahidi kunichukua likizo ijayo nijifunze kazini kwake, ila sharti mwalimu wangu wa hesabu anidhamini.

Sasa shida yangu. Mwalimu huyo ni mtu mwema, lakini akimaliza somo huuliza kama tumeelewa, na sisi huitikia ndiyo kwa sauti moja, kwa sababu atakayesema hapana atachekwa mpaka jioni. Juzi alipomaliza mada ya uwezekano akauliza tena, nami sijui ujasiri niliutoa wapi, nikasimama nikamwambia ipo njia ya kuuliza ambayo inamficha anayejibu, nimefundishwa na mama mdogo. Akaniruhusu. Nikawaeleza wenzangu kila mmoja arushe sarafu chini ya dawati bila kumwonyesha jirani: ikilala upande wa picha, ainue mkono hata kama ameelewa kila kitu, na ikilala upande wa namba, aseme kweli, yaani ainue mkono kama hajaelewa na autulize kama ameelewa. Hivyo mkono ukiwa juu hakuna ajuaye kama umeinuliwa na sarafu au na ukweli, lakini mwalimu akihesabu atajua hali ya darasa kwa jumla, kwa sababu kama wote tumeelewa itainuka karibu nusu ya mikono na basi. Kijana mmoja tunayemwita Spika akatangaza kwamba yeye amepata picha, ikabidi arushe upya huku jirani yake amemziba mdomo.

Ikainuka mikono ya karibu darasa zima. Mwalimu alitutazama, akaketi, akasema taratibu, "Kumbe nimekuwa nikiufundisha ukuta."

Baadaye akaniita ofisini nimtajie wasioelewa. Nikamwambia siwajui na hakuna awezaye kuwajua, akasema nawalinda rafiki zangu, kisha akatabasamu. "Haya, waache. Wewe najua mkono wako ulikuwa wa sarafu. Kuanzia Jumatatu utawafundisha wenzako mada hii baada ya vipindi."

Mshauri, sarafu yangu ililala upande wa namba.

Sikumwambia. Nilisema asante nikatoka, na wenzangu wamefurahi, wanasema afadhali sasa watafundishwa na mtu anayeongea lugha yao, kumbe mimi mwenyewe mwalimu akianza kuandika alama zake ubaoni napotea mstari wa tatu, na mitihani huwa naipita kwa kukariri. Nikisema kweli hatanidhamini, na mtu asiyeelewa uwezekano ataenda kufanya nini kwa mama mdogo? Nikinyamaza, Jumatatu nitasimama na chaki mkononi sina la kusema. Na nikijitaja, je, sitakuwa nimeivunja faragha niliyowaahidi wenzangu, nao wakabanwa wajitaje?

Naomba uichapishe barua hii bila jina langu, hivyo hakuna atakayenijua.

Msomaji wako wa Jumamosi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, unisamehe, hasa hapo kwa bibi na simu zake. Sasa tuongee.

Darasani sarafu ilikuficha, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Ofisini haikuwepo sarafu. Pale ulijificha nyuma ya sifa zako, ukamwacha mtu mzima aondoke na uongo ambao hukuusema lakini uliupokea na kuushukuru. Kwa hilo sikupongezi.

Kuhusu faragha, usijizungushe. Siri yako ni yako, na kuitoa kwa hiari yako si kuvunja faragha. Ungeivunja kama ungewataja wengine. Mwalimu akikubana, mwambie ya wenzako huyajui wala hutaki kuyajua, ukome hapo.

Halafu unaniambia huelewi uwezekano. Mimi hesabu nilizikimbia nikiwa na umri wako, lakini kwa maelezo yako nimejua kwa nini itainuka nusu ya mikono. Nimejaribu hata hapa ofisini, swali likiwa wangapi husinzia kwenye kikao cha Jumatatu, na mhariri wetu hajayafurahia majibu. Huo uliotufundisha ndio uwezekano. Kinachokushinda ni namna unavyoandikwa, na hilo hurekebishwa kwa kukaa na mwalimu, si kwa kukariri.

Na hiyo kazi unayoitamani, umeiona vizuri? Watu wale hukutwa na makosa kila mchana. Kama huwezi kuonekana hujui mbele ya mwalimu mmoja mwema, ofisi ile itakutesa.

Kwa hiyo nenda kwake kabla ya kipindi cha kwanza, peke yako, bila machozi. Sema, "Mwalimu, mkono wangu haukuwa wa sarafu. Naomba unionyeshe ninapopotelea." Kisha mwombe msimame ubaoni wote wawili, yeye aandike, wewe ueleze kwa maneno. Habari ya kudhaminiwa usiitaje siku hiyo. Akikataa baadaye, mpigie mama yako mdogo umweleze mwenyewe, asisikie kwa mtu.

Mwisho, mtafiti wangu mtarajiwa, unaamini kweli kwamba nikiacha jina lako hakuna atakayekujua? Wiki hii ni madarasa mangapi yaliyorusha sarafu? Mwenzake mama yako mdogo angekupata kabla chai haijapoa. Jina la utani uliloweka mwishoni nimelifuta nikaweka "Msomaji wako wa Jumamosi", na hata huyo Spika nimempa jina hilo mimi, lakini hayo hayatoshi. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwa barua pepe, na gazetini haliingii mpaka uniandikie kwamba umekwenda kwa mwalimu na umeniruhusu. Mtu yeyote akilisoma hapa, ajue umekwenda.